Alama ya Ng'ombe Kwenye Tairi

Jumatatu, 2 Novemba 1981

Pancha tatu leo. Mbili kwenda, moja kurudi. Ya tatu tumeiziba kwa kiraka kilichokatwa kutoka kwenye kiraka. Mzee Masanja ameendesha Landrova ya kliniki yetu ya mkoba miaka tisa, na leo ndiyo mara ya kwanza nimemsikia akiitukana, kwa Kisukuma, taratibu, bila kupandisha sauti. Nilijifanya sisikii.

Watoto tumewapima, kina mama tumewaona, kadi zimejazwa. Tumefika mjini kumekuchwa. Miguu imevimba. Nimeiloweka kwenye maji ya chumvi. Chumvi ipo. Sukari hakuna, sabuni hakuna.

Matairi yote manne ni vipara. Nimechoka na kuchoka kwenyewe.

Jumatano, 4 Novemba

Barua kutoka kambi ya wachimbaji wa dhahabu, upande wa Mwakitolyo. Imeandikwa na mwalimu wa pale. Surua imeingia kambini. Watoto wana homa na macho mekundu, mmoja ameshazikwa. Anauliza tunakuja lini. Barua yenyewe imesafiri siku nane.

Kambi ile hatujawahi kuipelekea chanjo ya surua. Mara zote mbili tulizojaribu, njia ilitukataa. Kuna mbuga ya udongo mweusi, na ukishaivuka kuna mawe. Mvua zikikolea, mbuga haipitiki mpaka mwakani. Kwa hiyo ni mwezi huu au basi.

Na leo hii hii kibali cha matairi kimetoka. Niliomba matano, nimepewa manne. Mkuu wa kliniki ya mkoba ni mimi, kwa hiyo wa kuchagua na kutia saini ni mimi. Nimekuwa mkunga miaka ishirini na mitano. Nimezalisha nusu ya mji huu, sasa nachagua matairi.

Ijumaa, 6 Novemba

Tumekwenda stoo na Mzee Masanja. Aina ziko mbili. Za kwanza ni pana, zina kashata kubwa, yaani meno ya mpira, kati ya jino na jino unaweza kuingiza vidole vitatu. Zinafanana na za trekta. Za pili ni nyembamba, kashata ndogo, ubavu mgumu ambao hata ukiubonyeza kwa goti hauitikii. Mbaya kwa sura. Zimeandikwa plai nane, maana yake, nimeambiwa, matabaka manane ya nyuzi ndani ya mpira. Zile pana ni plai nne.

Mzee Masanja alisimama mbele ya zile pana kama bwana harusi. Bwana stoo akasema kila mtu anazitaka hizo, tuamue haraka. Nikasema nitarudi Jumatatu. Wote wawili wakanitazama. Mwanamke anaomba siku mbili za kufikiria matairi. Waache watazame.

Jumamosi, 7 Novemba

Nimekwenda kwa Sadiki. Huyu ni mshona katambuga, viatu vya matairi, anakaa nyuma ya soko karibu na reli. Mtu wa Kigoma, mkali, ukimsalimu anajibu kwa kichwa. Nina jozi yake ya kwendea bombani, mwaka wa sita haijaisha. Niliwaza usiku kucha, mwisho nikaona hivi: dereva analijua tairi likiwa hai, Sadiki analijua likiwa maiti. Kila siku ya Mungu anapasua matairi ya watu. Anajua kila moja lilikufa kwa nini.

Nilimweleza njia. Mbuga, kisha mawe. Alivuta matairi mabovu kutoka kwenye lundo lake, moja baada ya jingine, akanionyesha kwa kidole. Karibu yote kashata bado zilikuwapo. Yamekufa ubavuni. Yamechanwa na jiwe, yamechomwa na mwiba wa mgunga, nyuzi ziko nje.

"Kashata ni za kuangalia," alisema. "Mzigo unabebwa na ubavu."

Nikauliza matope je. Akasema udongo wa mbuga ukishaingia kwenye kashata pana hautoki, unabaki na mpira wa matope unaozunguka. Jembamba linazama mpaka likute ardhi ngumu, linatembea juu yake. Chukua plai nane.

Nikamwambia mchagua nazi hupata koroma. Hakucheka. Alisema tu, yakifa nimpelekee yeye, nisimpe mwingine.

Jumatatu, 9 Novemba

Nimetia saini. Nyembamba, plai nane, manne. Tairi la akiba linabaki lile la zamani lenye kipara.

Mzee Masanja ameyafunga akikaza nati kwa hasira. Nadhani alishawaambia hadi majirani kwamba kliniki inapata matairi ya trekta. Nilipomuuliza anayaonaje alijibu, "Mwenye saini ni wewe, Mama Zuhura." Iliniuma. Nikamwacha.

Jumanne, 10 Novemba

Leo afadhali.

Mwaka jana tulipewa matairi mapya mawili. Ijumaa yalikuwa kwenye gari, Jumatatu palikuwa na vipara. Mlinzi hajui, fundi hajui, hakuna anayejua. Mzee Masanja hajasahau. Asubuhi amekuja na chuma kutoka kwao Kishapu, kile wanachopigia ng'ombe alama. Alama ya ukoo wake ni mwezi mchanga na mstari chini yake. Akaniomba ruhusa.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," alisema.

Nilicheka. Nikasema piga. Mama anayeuza chai langoni alitupa nafasi kwenye makaa yake. Chuma kikawa chekundu. Mzee Masanja akaenda tairi kwa tairi, ubavu wa nje, akikandamiza na kuhesabu mpaka tano, vile vile anavyohesabu kwa ndama. Moshi mweusi, harufu mbaya, mama wa chai akalalamika. Alama zilitoka safi mno. Ukitembea hatua ishirini unaziona.

Nilimsifu. Nilisema sasa hata mwizi akiyachukua ataona haya kuyaendesha. Naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Tumepatana.

Alhamisi, 12 Novemba

Mvua ya kwanza imenyesha jana. Leo ilikuwa zamu ya njia ya Mhunze. Matope mpaka kwenye ekseli. Tulikuta gari la watu lenye matairi mapana, kashata hazionekani, zimejaa udongo, linazunguka palepale. Sisi tukapita. Gari lilizama, likagusa chini, likaenda.

Mzee Masanja aligeuka kulitazama gari lile. Kisha akasema, "Haya membamba yana akili."

Nimefurahi. Naliandika neno hili kwa sababu nikirudi nyuma kurasa nyingi silioni.

Chanjo ya surua imefika kwa treni, iko kwenye friji. Jumatatu tunakwenda kambini. Nimempelekea mwalimu ujumbe kwa kondakta wa basi, awakusanye kina mama. Barafu kwenye kasha inadumu siku moja, tukilifunika vizuri. Njia ni ya nusu siku. Inatosha.

Jumatatu, 16 Novemba

Naandika nimekaa juu ya jiwe. Jua linakwenda kuzama.

Mbuga tumeivuka saa nne asubuhi. Sikuamini. Nilimwambia Mzee Masanja asimame nishuke niitazame nilikotoka.

Kisha mawe. Wachimbaji wamejaza makorongo ya njia kwa mawe ya taka ya mashimo yao, meupe, yamepasuliwa kwa nyundo, kila moja lina makali. Walitaka kutusaidia. Matairi yalihimili. Saa nzima yalihimili. Halafu mlio. Tairi la mbele kushoto.

Halikuchanwa na jiwe. Mzee Masanja alipiga magoti akalitazama. Ubavu umefunguka kwenye ule ule mstari wa alama, chini ya mwezi, sawasawa kama mtu aliyekata kwa kisu. Alipitisha kidole pale. Kisha akaenda kwenye matairi mengine, moja moja. Mawili yana uvimbe mkubwa kama yai la bata. Chini ya alama. Alinitazama, akaangalia pembeni.

Tukafunga lile la akiba. Tukaenda mwendo wa mtu anayefuata jeneza. Saa tisa la nyuma nalo likapasuka. Pale pale, kwenye alama.

Hakuna la akiba tena. Hakuna gari lililopita. Kambi iko mbele, saa nne au tano kwa miguu, na kasha linahitaji watu wawili kulibeba. Nimelifunga kwa khanga zangu mbili zilizoloweshwa. Nimelisogeza chini ya gari kwenye kivuli. Kila nikitaka kulifungua nitazame barafu najizuia, kila ukifungua unaingiza joto. Naogopa.

Jumanne, 17 Novemba

Asubuhi amepita mzee mmoja na mkokoteni wa maksai. Tulisalimiana, tukamweleza, akashusha kuni zake kando ya njia akapakia kasha. Hakuuliza mara mbili. Mzee Masanja alibaki na gari. Nilitembea pembeni ya gurudumu mkono wangu juu ya kifuniko. Maksai hawajui haraka. Tumefika saa saba, jua la utosi.

Kina mama walikuwa wamekaa tangu jana. Mwalimu aliwakusanya kama nilivyomwomba. Turubai moja, watoto wengi, wengine na kikohozi tayari.

Nilifungua kasha mbele yao. Maji. Yalikuwa na uvuguvugu.

Chanjo ya surua ikipata joto inakufa. Kwenye chupa inaonekana vile vile, huwezi kuitofautisha. Ningeweza kuwachoma wote. Wangenishukuru, wangenipa kuku. Na surua ingewakuta wamekaa wanadhani wana kinga. Niliwaza jambo hilo, sitaki kujidanganya kwamba sikuliwaza. Kisha nikasimama nikawaambia warudi nyumbani.

Mama mmoja alibaki. Mama Kulwa. Ana mapacha, Kulwa mgongoni, Doto kifuani, wazima wote wawili, wanene.

"Si dawa imo humo kwenye chupa, mayu?" aliuliza, akiniita mama kwa Kisukuma.

Nikasema imo, lakini imekufa.

"Kwa sababu ya barafu?"

Kwa sababu ya barafu, nilijibu.

Alilitazama kasha, akafunga vizuri kitenge cha mbele, akaondoka. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nianze kazi hii.

Alhamisi, 19 Novemba

Tumefika mjini. Mzee Masanja alishona lile tairi la nyuma kwa waya, akalishindilia nyasi kavu badala ya upepo. Siku mbili njiani. Ndani ya gari hatukuzungumza ila kuhusu njia.

Sijala. Nalala.

Jumamosi, 21 Novemba

Nimempelekea Sadiki moja, kama alivyotaka. Nilikwenda na Mzee Masanja. Sadiki alilitazama kwa nje, akatazama alama, akachukua kisu chake akapasua kuanzia juu mpaka chini. Akafungua. Nyuzi pale chini ya mwezi ni nyeusi. Aliziokota kwa ukucha, zikakatika kama nyuzi za nguo iliyounguzwa na pasi. Tabaka la kwanza, la pili, mpaka la sita.

"Nani kaunguza?"

Sisi, nilijibu.

"Ngozi ya ng'ombe inapona," Sadiki alisema. "Hii haiponi."

Mzee Masanja alivua kofia akaishika. Alisema ile tano ni hesabu ya baba yake. Ukihesabu mpaka tatu, alama inafutika ndama akikua. Ndiyo maana alihesabu mpaka tano. Alitaka zisifutike.

Nilichagua tairi kwa sababu ya ubavu. Siku moja baada ya kutia saini nikasimama nikisifu ubavu ukiungua. Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi wangu amekuja akiwa mtu mzima.

Jumatatu, 23 Novemba

Ofisi inataka maelezo kwa maandishi. Waliniita wakanielekeza namna ya kuyaandika: dereva, kwa uzembe wake, ameharibu mali ya umma. Mzee Masanja amebakiza miaka miwili astaafu.

Nimeandika mistari mitatu. Alama zilipigwa kwa idhini yangu. Nilikuwapo. Lengo lilikuwa kuzuia wizi. Nilitaka kuongeza kwamba nilisifu, nikaona hilo si lao.

Wamesema watanijulisha. Wanijulishe. Nimewauliza chanjo nyingine inakuja lini. Jumatatu ijayo, kwa treni.

Jumatano, 25 Novemba

Matairi mapya hakuna mpaka mwakani. Sadiki amesema atayatibu haya. Amekata vipande kutoka kwenye tairi la lori, akavipunguza kwa kisu mpaka vikawa laini pembeni, anavibandika kwa ndani chini ya kila alama na kuvishona kwa uzi wa nailoni. Yale yaliyopasuka anayavalisha vipande viwili. Nimempelekea matatu yaliyobaki, na lile alilolipasua mwenyewe amelishona tena, anasema ndilo la mwisho kuaminiwa, liwe la akiba. Lile la zamani lenye kipara linarudi kazini.

Mzee Masanja anashinda pale tangu asubuhi, anamshikia matairi. Sadiki anamfokea. Yeye anaitikia tu. Nimewapelekea chai isiyo na sukari.

Mwalimu hajaandika tena. Afadhali angeandika.

Jumatano, 2 Desemba

Tumeondoka jana alfajiri. Mvua usiku kucha, mbuga ni ziwa. Nilichukua barafu mara mbili ya ile ya kwanza, nikalifunga kasha kwa blanketi la kitanda changu. Tulizama mara moja, tukatoka. Sijui kama yale mapana yangetoka. Naamini yasingetoka. Lakini sina tena hamu ya kuwa sahihi.

Kwenye mawe, Mzee Masanja alishuka kila hatua hamsini, akaokota yenye makali kwa mikono na kuyatupa pembeni. Nami nikashuka. Tumeokota mawe mimi na yeye mpaka mgongo ukanikatika. Hakuna tairi lililopasuka.

Tumefika saa kumi. Nikaanza kuchoma papo hapo. Watoto ni wachache kuliko ile siku. Wengine wameugua wakapona, hao hawahitaji. Wengine sikuuliza, mwalimu aliniambia mwenyewe baadaye, taratibu, akitazama chini.

Mama Kulwa alikuja wa mwisho. Kitenge kimoja tu, mgongoni. Alimfungua mtoto akamweka mapajani kwangu. Nilimuuliza jina la kuandika kwenye kadi, nikiogopa kusikia ni lipi.

"Doto," alisema.

Nikaandika. Nilipochukua sindano akanishika mkono. Hakunishika kwa ukali.

"Leo barafu ipo?"

Nikafungua kasha lote, nikalielekeza kwake. Barafu nyeupe mpaka juu. Aliigusa kwa kidole, akakiacha pale muda mrefu. Kisha akachukua kipande kidogo akakiweka kwenye kiganja cha Doto. Doto alirudisha mkono haraka, akashangaa, halafu akaunyoosha tena akikitaka.

"Mchome," Mama Kulwa akasema. Nikamchoma. Alilia, nikafurahi kusikia analia vile, kwa nguvu za mtoto mzima. Mama yake akasema wabeja, akambeba akaenda. Mimi ndiye niliyestahili kupigiwa kelele siku ile, na nimepewa asante.

Mzee Masanja alikuwa amesimama karibu. Akaenda nyuma ya gari. Sikumfuata.

Jumapili, 6 Desemba

Mvua. Nimelala mpaka saa tatu, jambo ambalo silifanyi. Nimefua blanketi, halikauki.

Mchana nimepita kituoni. Mzee Masanja alikuwa peke yake uani, ameliinua gari kwa jeki. Amegeuza matairi yote matatu yenye alama, ubavu wenye mwezi umeingia ndani, upande wa chini ya gari. Ukipita huoni kitu. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza habari za mwanangu Zuhura chuoni. Nikasema mzima, anafunga chuo wiki ijayo. Nikamshikia nati mpaka akamaliza.

Kisha nikaingia ndani nikajaza maji kwenye vyombo vya barafu na kuvipanga kwenye friji. Haikuwa zamu yangu.